Nungwi na Kendwa: tumetapeliwa kwa jina la undugu, na tulipolalamika tukaulizwa tulikunywa nini

Ndugu wanajukwaa,

Nimejizuia kuandika kwa wiki tatu ili hasira ipungue, na haikupungua. Ninayoyaeleza hapa yametupata sisi wenyewe, wanawake wanne kutoka Mwanza: mimi, mdogo wangu aliyekuwa anatimiza miaka 30, na wafanyakazi wenzangu wawili. Nane Nane ya mwaka 2025 iliangukia Ijumaa na mwezi mpevu ukaangukia Jumamosi yake, kwa hiyo tukachanga fedha, tukavuka kwa boti kutoka Dar es Salaam, tukaenda Nungwi, kaskazini mwa Unguja, kusherehekea.

Kabla ya safari tulisoma maonyo mengi kuhusu fukwe za starehe, na karibu yote yalikuwa yameandikwa kwa ajili ya wageni kutoka nje. Tukajiona hayatuhusu, kwa kuwa tunazungumza Kiswahili, tunajua bei ya soda, na tunajua kumwambia mtu hapana. Leo nasema bila kumung'unya maneno kwamba Kiswahili chetu ndicho kilichokuwa chambo. Mzungu akifuatwa ufukweni huwa na shaka tangu mwanzo, lakini sisi tulifuatwa na kijana aliyetuita dada, aliyempa shikamoo mwenzetu mwenye umri mkubwa, aliyeuliza habari za Mwanza na kutaja mtaa anaoujua pale Kirumba, na baada ya robo saa tukawa tumemkabidhi safari yetu yote kana kwamba tumezaliwa naye.

Vijana wanaowazonga wageni kule huitwa papasi, jina la mdudu anayenyonya damu. Sipendi kulibandika kwa kila kijana anayetafuta riziki mchangani, maana tulikutana pia na waongoza watalii wenye vitambulisho vya Kamisheni ya Utalii, ambao walitutajia bei na kutuacha tuamue. Huyu wetu hakuwa na kitambulisho chochote, na tulipomuuliza akacheka, akasema kitambulisho ni cha kuwaonyesha wazungu, sisi ni ndugu. Hapo ndipo tulipopaswa kuondoka.

Jumamosi asubuhi alitupeleka kwenye boti ya kwenda Mnemba kutazama samaki na matumbawe. Bei aliitaja kwa dola, 35 kwa kila mtu, ingawa sote tulikuwa Watanzania, na ingawa kanuni zilizotoka Machi 2025 zinakataza kupanga bei za ndani ya nchi kwa fedha za kigeni. Alituahidi kwamba tutashuka kisiwani na kula chakula cha mchana chini ya miti. Mnemba ni kisiwa chenye hoteli binafsi, na boti za matembezi huishia kwenye miamba iliyokizunguka bila abiria kukanyaga mchanga wake. Kila mwendesha boti wa Nungwi anajua hilo, na yeye alilijua alipokuwa anatuahidi. Ndani ya boti tukagundua kuwa abiria wengine walilipa chini ya nusu ya bei yetu, kwa sababu kwetu alikuwa ameweka cha juu. Tulipofika katikati ya maji tukadaiwa fedha nyingine, eti ada ya hifadhi, bila risiti. Hifadhi ile inayo ada kweli, ila ada halali huelezwa kabla ya kung'oa nanga na huandikiwa stakabadhi, haidaiwi na mtu aliyeshika kamba katikati ya bahari.

Fedha naweza kusamehe. Nisichoweza kusamehe ni majaketi ya kujiokolea. Tulikuwa abiria 14 na nilihesabu majaketi sita, mawili yakiwa yamekatika mikanda, yamefungwa kwa kamba ya katani chini ya benchi kiasi kwamba hata ukiyahitaji ungelazimika kutafuta kisu kwanza. Agosti ni wakati wa upepo wa kusi, na boti ilipotoka kwenye kinga ya ncha ya Nungwi na kugeukia upande wa mashariki, mawimbi yakaanza kuingia ndani na kuturowesha mapajani. Nilipouliza kuhusu majaketi, nahodha akanijibu kwamba watu wa bara tunaogopa maji. Ndugu zangu, mimi natoka Mwanza. Sisi tulizika watu wa MV Bukoba, meli iliyozama Ziwa Victoria mwaka 1996, na Septemba 2018 tukazika tena watu wa kivuko cha MV Nyerere kilichopinduka kikiwa kimebakiza mita chache kufika kisiwa cha Ukara. Mtu wa Mwanza haogopi maji. Anaogopa chombo kilichojazwa kupita kiasi na mwenye chombo anayecheka anapoulizwa. Namsihi kila atakayekwenda ahesabu majaketi angali amesimama mchangani, na idadi isipotosha asipande hata kama ameshalipa.

Kosa lililotugharimu zaidi lilitokea wakati wa kulipia boti hiyo, na tulilitambua baadaye. Mtandao ulikuwa unasumbua, yule kijana akasema lete nikusaidie, akaishika simu ya mdogo wangu huku mdogo wangu akiingiza namba ya siri mbele ya macho yake. Malipo yalikwenda kwenye namba ya mtu binafsi, na jina lililojitokeza kabla ya kuthibitisha halikuwa jina alilotuambia. Mdogo wangu aliuliza, naye akajibu kwamba ni laini ya shemeji yake. Jina lile huonyeshwa ili mlipaji asimame kama halilingani, na sisi tulilitazama tukabonyeza kuendelea kwa sababu tuliona haya kumshuku mtu aliyetuita dada.

Jioni akaja tena, akatuambia kwamba sherehe kubwa ya mbalamwezi iko Kendwa na hakuna haja ya teksi, kwani kwa mguu kupitia mchangani ni mwendo mfupi. Wakati huo tulikuwa tumekaa karibu na mahali yanapoundwa majahazi, na mzee mmoja mvuvi aliyekuwa anashona wavu alitusikia. Alisubiri kijana asogee, kisha akatuambia: "Wanangu, leo mwezi mpevu, maji ni bamvua. Mtakwenda kwa miguu, lakini kurudi hamtaiona njia. Maji yakijaa hayakungojeni." Tulimshukuru kwa adabu na hatukumsikiliza, na hilo ni jambo ninalojutia kila ninapokumbuka uso wake.

Nieleze alichokuwa anatuambia, kwa sababu sisi wa ziwani hatukijui na hakuna onyo nililolisoma lililokitaja. Siku za mwezi mpevu maji ya bahari hupwa mno na kujaa mno kuliko siku nyingine. Katika pwani ya Unguja siku hizo maji hupwa kabisa mnamo saa nne usiku, na hujaa kabisa kati ya saa kumi na saa kumi na moja alfajiri. Maana yake ni kwamba saa ya kwenda kwenye sherehe ufukwe ni mpana na mkavu, unatembea kutoka Nungwi hadi Kendwa ukicheka chini ya mbalamwezi, na saa ya kurudi bahari imefika kwenye majabali na kuta za hoteli, njia imefungwa, nawe umebaki upande usiokuwa wako, umechoka, simu imeisha chaji. Hapo bei ya gari hupanda pamoja na maji. Sisi tulidaiwa shilingi 150,000 kwa safari ya gari ambayo siku iliyotangulia tulilipa 15,000, na dereva hakuona aibu kutuambia kwamba tukipenda tupite baharini. Anayekwenda Kendwa usiku wa mbalamwezi apatane na dereva mchana, bei ya kwenda na kurudi, alipe nusu na nusu ibaki hadi atakaporudishwa mlangoni, na asithubutu kujaribu kuzunguka majabali kwa kuogelea.

Hata hivyo gari halikuwa baya kuliko yote. Mnamo saa saba usiku mdogo wangu alikuwa amekaa mchangani, nje kidogo ya umati, akiwa na chupa moja ya soda aliyonunua mwenyewe. Alikwenda kupiga picha na mwenzetu, akamwachia yule kijana, aliyekuwa bado yuko nasi, chupa amshikie. Baada ya kurudi na kunywa, kwa muda usiofika nusu saa akaanza kuzungumza maneno yasiyoeleweka, macho yakawa mazito, miguu ikakataa kusimama. Hakuwa amegusa pombe usiku ule. Wakenya wana neno lao, husema mtu amewekewa mchele, yaani dawa ya kulewesha kwenye kinywaji, na nilikuwa nikidhani ni mambo ya baa za Nairobi. Tulipomaliza kumwagia maji usoni na kumweka alale kwa ubavu ili asipaliwe akitapika, kijana alikuwa ameondoka, na simu ya mdogo wangu ilikuwa imeondoka pamoja naye.

Hapa wengi hudhani kwamba ukiwa umeifunga simu kwa alama ya kidole uko salama. Mwizi hana haja na simu yako. Anaitoa laini, anaiweka kwenye simu yake, anapiga menyu ya fedha na kuingiza namba ya siri aliyokwisha kuiona asubuhi. Ukiwa hujaiwekea laini yenyewe namba ya kuifunga, hakuna kinachomzuia. Kwa kuwa namba ya huduma kwa wateja, yaani 100, hukupeleka kwenye mtandao wa simu unayopigia, ilibidi tumtafute mtu mwenye laini ya mtandao uleule, na miongoni mwetu hakuwepo. Tulipompata na laini ikafungwa, shilingi 640,000 zilikuwa zimeshatolewa, na juu yake ulikuwa umechukuliwa mkopo wa fedha kupitia laini ile kwa jina la mdogo wangu.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike. Kituo cha afya tulichofika alfajiri kilituambia tuanze polisi tukachukue PF3, fomu ya polisi ya kupata matibabu. Kituo cha polisi cha kwanza tulichofika kilituuliza tulikunywa nini, tulivaa nini, na kwa nini wanawake wanne tulitoka usiku bila mwanamume. Nilisema ninayo namba iliyopokea fedha za boti na jina lililosajiliwa kwenye namba ile, yaani mtu wa kuanzia alikuwa kiganjani mwangu. Hakuna aliyeiandika. Nilisisitiza mara tatu ndipo tukapewa PF3 na ripoti ya upotevu wa mali, na kwenye ripoti imeandikwa kwamba simu "imepotea". Haikupotea. Iliibwa na mtu aliyempa mdogo wangu dawa, na neno moja katika karatasi ile limegeuza jinai kuwa uzembe wetu. Msiondoke kituoni kabla ya kusoma walichoandika, na mkatae kutia sahihi mpaka neno sahihi liwekwe. Sisi tulitia kwa sababu mgonjwa alikuwa amelala kwenye benchi.

Namba iliyopokea fedha za boti nimeituma 15040, namba ya kuripoti utapeli, kama Mamlaka ya Mawasiliano inavyoelekeza. Nimeandika barua kwa ofisi zinazohusika na utalii nikitaka kujua ni nani hukagua majaketi kabla boti hazijaondoka asubuhi, na kwa nini mtu asiye na kitambulisho anaruhusiwa kuuza safari mbele ya macho ya kila mtu. Hadi leo sijajibiwa. Wenyeji wa Nungwi waliotusaidia usiku ule, pamoja na mama aliyetupa kanga za kumfunika mdogo wangu na kukataa fedha zetu, hawastahili kuchafuliwa na watu hawa, na kimya cha wakubwa kinawachafua wao kabla ya kutuumiza sisi.

Mdogo wangu amepona. Juzi mama yetu alimtumia shilingi 20,000 za nauli kwenye laini yake mpya yenye namba ileile, na zilipoingia zikakatwa zote kulipia mkopo ambao hakuuchukua.