Kufundisha mapenzi kwa ushairi na kolaji: nifanyeje na hii mioyo myekundu?

Mwalimu wa Amu:
Assalaam alaykum walimu wenzangu. Nafundisha Kiswahili Kidato cha Tatu hapa Amu (Lamu), wanafunzi 38. Tulisoma shairi la Shaaban Robert la kumlilia mkewe Amina, pale anapomfananisha na ua lililofunga baada ya kuchanua. Nikawaambia watengeneze kolaji, yaani picha ya kubandika vipande, wabandike chochote walichonacho, wanionyeshe mapenzi waliyoyaona mle ndani. Nikaletewa mioyo myekundu. Mioyo ya magazetini, mioyo ya kadi, hata ya pakiti za biskuti. Lile ua hakuna aliyeligusa, wala kifo.

Isipokuwa kijana mmoja wa nyuma, asiyeinua mkono kamwe. Alibandika asumini tatu za kikuba cha mamake, kile kishada cha maua wavaacho wanawake. Zimegeuka rangi ya chai, harufu imeshakwisha. Nilipomuuliza alisema, "Mama hataki zitupwe." Sikuuliza zaidi.

Hawa wengine nitawafikishaje alipofika yeye? Tena kuna mzazi amekuja kulalamika kwamba namfundisha bintiye mapenzi.

Ticha Malindi:
Wa alaykum salaam. Mimi pia mioyo ilinitesa, nikawanyima karatasi. Nenda kwa fundi cherehani umwombe vipande vya kanga. Gundi pika mwenyewe, unga wa ngano na maji. Kisha kila picha iwe kanga: pindo, mji (sehemu ya katikati) na jina (maneno yake). Jina lisiwe la dukani, watunge wenyewe mshororo mmoja wa mizani (silabi) 16, 8 za ukwapi, nusu ya kwanza, na 8 za utao, nusu ya pili. Hapo ndipo watakapotoka jasho, maana "nakupenda" inakula mizani 4 na bado haijasema kitu.

Mama wa Siyu:
Mwanangu mwalimu, huyo mzazi mkumbushe mshairi wetu Mwana Kupona. Mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimtungia bintiye Mwana Hashima utendi wa kumuusia dini, adabu na kuishi na mume. Hapa hapa visiwani kwetu. Nyanya yangu alikuwa akiuimba huku akinisuka nywele, na akifika kwenye dua mkono wake ulikuwa ukisimama. Wasichana wako watabishana na yale ya mume. Waache wabishane. Na huyo mzazi mwalike, asikize.

Mwalimu wa Amu:
Ahsanteni sana. Leo tumebandika. Fundi mmoja wa Langoni alinijazia mfuko mzima.

Binti wa yule mzazi, babake ni mvuvi. Mji wa kanga yake ameufanya bahari ya buluu tupu, na juu kabisa, karibu kugusa pindo, kuna tanga jeupe la kitambaa cha gunia, dogo kama ukucha. Anasema ndivyo mamake anavyolitazama kutoka ufuoni. Jina ameandika:

*Tanga lako nalijua, hata likiwa mbalini*

Nimehesabu kwa vidole mara mbili, zimetimia. Babake anakuja Jumatatu. Nimeibandika ukutani karibu na mlango, usawa wa macho yake.