Ati gari la rimoti la porini "halitakiwi kurushwa"!!! Huyu mtaalamu wetu atatuua

Wakuu, salamu baadaye. Mnamjua, simtaji. Kila uzi wa magari ya rimoti yumo, anajibu kabla hujamaliza kuuliza. Leo mgeni kauliza kwa nini gari lake limepinda mbele, pale difu (gia inayogawa nguvu kwa matairi) inapokaa, baada ya kuruka kijilima kisichofika goti. Jibu la bwana mkubwa: "Gari la rimoti halitakiwi kurushwa."

HALITAKIWI KURUSHWA. Boksi lenyewe lina picha ya gari liko angani, matairi yote manne hayajui ardhi iko wapi! Hizo shokapu nne zenye mafuta ni za kutembelea zulia?

Na aliyemponza mgeni ni yeye yeye. Alimshikia bango kuhusu mikono inayoshika matairi: "Toa mikono ya plastiki, hiyo ya watoto, weka alumini." Haya. Mkono wa nailoni ukigonga jiwe unanyumbuka, unarudi. Ukizidiwa unakatika, unachomoa pini, unafungua shokapu, unapachika mwingine, kazi imeisha. Alumini hainyumbuki, kwa hiyo kipigo chote kinapita kwenda kwenye pini, kutoka hapo nyumba ya difu, kutoka hapo chasi. Umeokoa kipuri cha bei chee, umezika gari. Na alumini ikishapinda ndiyo imepinda, tairi linabaki linaangalia pembeni kama mtu aliyefumaniwa.

Halafu mtu huyohuyo, bila haya: ha-li-ta-ki-wi ku-ru-shwa.

Mgeni, kama unasoma: achana na kasi iliyoandikwa kwenye boksi. Tafuta kwanza kama mikono, pini, shafti, gia kubwa na sevo ya usukani (kimota kinachogeuza matairi) vinauzwa kimoja kimoja. Havipo? Hilo ni toy, rudisha. Traxxas Slash imetoka 2008 na vipuri bado vipo, gari la kupigika linapimwa hivyo. Saizi ya 1/10 (moja ya kumi ya gari halisi) inatosha kuanzia. Wanaokwambia kubwa ndiyo imara hawajui kwamba uzito nao unaanguka.

Ila usilirushe tu. HALITAKIWI.

#2
Nimewahi siti ya mbele. Endelea mkuu, povu bado halijafika shingoni.

#3
Mkuu punguza munkari, alumini ina mahali pake. Kofia za shokapu za plastiki huchomoka gari likitua vibaya, hapo weka alumini. Heksi za tairi (vile vipande vya pembe sita vinavyoshika rimu) pia, za plastiki zinalika zikawa duara. Mikono na bampa ndiyo viachwe vinyumbuke.

#4
Kwani huyo mgeni alirusha vipi? Gari likiwa angani ukikanyaga moto (ukiongeza kasi) pua inapanda, ukishika breki pua inashuka. Na uachie moto kabla matairi hayajagusa chini. Yakitua yanazunguka kwa kasi yote, mshtuko unaishia kwenye shafti na meno ya difu.

#5 (mtoa mada)
#4 wewe umesoma kweli? Kaambiwa HALITAKIWI KURUSHWA, huko angani anafikaje?

#6
Mnalilia mikono wakati watu wananyoa gia kubwa kila wakichomeka betri ya 3S (seli tatu)! Kipande cha karatasi ya daftari katikati ya gia ndogo na kubwa, sukuma mota ibane, kaza skrubu, zungusha karatasi itoke. Nafasi inayobaki ndiyo sahihi. Gia zikibanana zinapata joto, zikiachana zinaruka meno. Skrubu za mota zitiwe gundi ya bluu, maana ni chuma kwa chuma. Kwenye plastiki usiitie, inaila.

#7
#6 umesahau klachi ya kuteleza, ile inayopunguza kipigo kabla hakijafika kwenye gia. Ukiikaza mpaka mwisho, kila kutua ni gia inalipa. Ondoa gari kwa moto wote, usikie inateleza futi moja au mbili kisha inashika. Isipoteleza kabisa, legeza nati kidogo kidogo.

#8
Afadhali nyie. Kuna hawa wa "gari langu haliogopi maji". Kisichoogopa maji ni kontrola ya mota, sevo na boksi la risiva (inayopokea amri za rimoti). Beringi ni chuma! Ukitoka matopeni vua matairi, kausha, tone la mafuta mepesi kila beringi. Kesho yake usituletee uzi wa gari linalolia.

#9
Beringi za kifuniko cha chuma au cha mpira?

#10
Mpira kwa matope. Na ukivua matairi angalia ekseli, nyasi na nywele zikijiviringisha pale mota inachemka na watu wanalaumu betri.

#11
Umetaja betri, sasa mmenichokoza. Nani anawafundisha watu kuhifadhi lipo (betri ya lithiamu) ikiwa imejaa? Ya kuweka kabatini ni volti 3.8 kwa kila seli, si 4.2! Halafu inavimba, wanaikandamiza hivyohivyo kwenye chasi.

#12
Na wale wanaoichomoa ya moto kwenye gari na kuichomeka kwenye chaja hapohapo je?

#13
Hao wafunguliwe uzi wao. Naleta na wa wanaochaji 2S kwenye mpangilio wa 3S.

#14
Fungua haraka mkuu, na ndoo ya mchanga uje nayo.