Mrejesho: biti zangu za kutobolea chuma kisichoshika kutu

Mafundi wenzangu, asanteni sana. Niliuliza mbona biti zangu zinaungua na kupoteza makali upesi nikitoboa bamba za chuma kisichoshika kutu, hizi tunazofungia usukani na mashine za boti hapa Lamu. Mkanijibu: punguza mwendo wa drili, kandamiza bila kulegeza, paka grisi nyeusi ya molibdeni disalfaidi.

Tofauti ni kubwa mno. Biti ile ile inatoboa bamba baada ya bamba, na chuma kinatoka kwa nyuzi ndefu zilizojisokota, si unga tena.

Namshukuru hasa yule aliyeeleza sababu. Molibdeni disalfaidi imejipanga tabaka kwa tabaka zinazoteleza moja juu ya nyingine, kwa hiyo utando wake unabaki kwenye makali hata pale shinikizo linapoyafukuza mafuta ya kawaida. Na chuma hiki kikisuguliwa bila kukatwa, uso wake huzidi kuwa mgumu. Ndiyo maana kulegeza mkono ni kuiua biti.

Siku grisi ilipokwisha nilijaribu mafuta ya nazi. Kwenye alumini yamenifurahisha kweli, maana asidi zake hushika uso wa metali na kuweka utando mwembamba. Kwa bamba nene narudi kwenye grisi.

Kama utachomelea baadaye, ifute grisi yote kwanza. Ina salfa, na salfa huleta nyufa kwenye weldi.