Pikapu ya umeme inayosukumwa na tairi mbili tu, kwa nini hawatutengenezei?

MamaNondo_Tegeta
Wadau, habari za asubuhi. Nina duka la vifaa vya ujenzi Tegeta. Pikapu yangu ni ya dizeli, kebini moja, inasukumwa na tairi za nyuma tu. Inapeleka saruji Goba, Madale na Bunju. Kwa siku haizidi kilomita 80.

Nataka ya umeme, lakini kila ninayoikuta ni fowili, inasukumwa na tairi zote nne. Isuzu D-Max ya umeme ina mota mbele na nyuma, Hilux ya umeme iliyotangazwa 2025 vivyo hivyo. Mota ya mbele nailipia ya nini? Masika yaliyopita tulinasa Madale mara mbili, zote gari likiwa tupu. Sasa dereva akishusha mzigo anabakiza mifuko mitatu ya mchanga pale juu ya difu, usawa wa tairi za nyuma, anaifunga kwa mpira wa tyubu. Hatujanasa tena.

Halafu pigeni hesabu. Betri ya D-Max hiyo ni kilowati-saa 66.9, na kilowati-saa moja ndiyo yuniti moja ya LUKU. Kwa bei yangu ya shilingi 350 na kidogo, kuijaza ni kama 24,000. Kwa dizeli hela hiyo haifiki hata lita kumi! Inaniuma kuikosa kwa sababu ya ekseli nisiyoihitaji.

FunditairiIlala
Dada, hoja unayo. Ukiondoa mota ya mbele, umeondoa na invata yake (kifaa cha kuilisha mota umeme wa betri), difu na ekseli zake, na uzito unapungua. Ila pesa nyingi imelala kwenye betri. Maxus T90EV iliyouzwa Uingereza ni mota moja nyuma, lakini betri yake ni kilowati-saa 88.5, na bei haikuwa ya mtu wa duka. Walioelekea unakotaka wewe ni kampuni ya Slate ya Marekani, pikapu yao ni: mota moja nyuma, betri ya 52.7, vioo vya kuzungusha kwa mkono, hata redio haina. Tatizo usukani uko kushoto.

Mnazi_Mkuranga
Mimi nakataa. Nabeba nazi na mihogo, na njia ya shambani kwangu ni mchanga mtupu. Gari la tairi mbili likiwa na mzigo linajichimbia lenyewe mpaka bodi inagusa chini. Wakianza kutengeneza za bei nafuu, sisi wa mashambani tutasahaulika.

MamaNondo_Tegeta
Kaka yangu wa Mkuranga, pole na njia hiyo, wala sijasema fowili ifutwe. Za dizeli zinauzwa zote mbili, kila mtu anachukua ya kwake. Nadai hivyo hivyo kwa umeme. Na betri wanipe ndogo, gari langu linalala dukani kuanzia saa 12 jioni, lina usiku mzima wa kuchaji.

Fundi, niambie ukweli: mifuko 20 ya saruji ni tani nzima. Mota moja itapanda vilima vya Goba?

FunditairiIlala
Itapanda, dada, ikiwa imetengenezwa kwa tani hiyo. Mota ya umeme haisubiri mizunguko kama dizeli, inavuta kwa nguvu tangu tairi linapoanza kujongea. Na kwako mota ikae nyuma, usikubali ya mbele: ukipanda na saruji, uzito mwingi unakalia tairi za nyuma, za mbele zinakuwa nyepesi na kuteleza. Ukishuka, mota hiyo hiyo inashika breki na kurudisha umeme kidogo kwenye betri. Ile mifuko mitatu ya mchanga usiitupe.