Mota ya mashine ya kupasulia mbao imeungua: nisuke au ninunue nyingine?

Seremala wa Mikindani

Wakuu, habari za jioni. Karakana yangu iko hapa Mikindani. Mashine ya kupasulia mbao imenifia mikononi Jumanne, na nina milango sita ya mkongo ya mteja wa Tandahimba. Yeye anasubiri hela ya korosho, mie namsubiri yeye.

Mota ni ya HP 3, fezi moja. Kibao chake kinasema volti 230, ampea 14, mizunguko 1420 kwa dakika. Imefungwa chini ya meza, inavuta shafti kwa mikanda miwili: puli ya inchi 6 kwenye mota, ya inchi 3 kwenye shafti, bledi ya inchi 12.

Visa vilianza mapema. Ukiwasha inaunguruma tu, imekaa. Kijana wangu akagundua kwamba ukisukuma mkanda kwa kipande cha mbao inashika mwendo, na ikishashika inapasua kama kawaida. Tukaenda hivyo wiki mbili. Najua, najua, msinitukane. Jumanne nikasikia harufu ya vanishi, nikadhani jirani anapaka kabati. Mara moshi, swichi kuu ikakata.

Fundi aliyekuja hata kifuniko hakufungua. Kainamia, kanusa, kasema "imekwisha hiyo, nunua mpya". Mpya naambiwa laki tano na nusu hadi inifikie kwa basi kutoka Gerezani, Dar. Kusuka, yaani kufungwa koili upya, ni laki na nusu. Nishike lipi?

Mchuma Korosho

Pole mkuu. Nunua mpya tu. Mota ya kusuka haidumu, yangu imesukwa mara mbili ndani ya mwaka mmoja na leo ni chuma chakavu.

Koili Kavu, Lindi

Kijana wa korosho, mota inayoungua mara mbili ndani ya mwaka ina kitu kinachoiua nje ya mota. Ungeweka mpya, nayo ingekufa. Nasuka mota mwaka wa ishirini na kitu sasa, na nyingi zinazoletwa mezani kwangu zinarudi kwa mwenyewe bila yeye kuulizwa anazilishaje umeme.

Seremala, ngoja tuongee. Mota ya fezi moja ina koili mbili. Kuna koili kuu inayofanya kazi muda wote, na kuna ya kuanzia, waya wake mwembamba, ambayo kazi yake ni kuipa msukumo wa kwanza kupitia kapasita, kile kikopo kinachohifadhi umeme. Ikishika kasi, swichi iliyo ndani kwenye shafti inaruka kwa nguvu ya mzunguko na kuikata hiyo koili. Mota yako ilivyounguruma bila kuzunguka, halafu ikakubali kwa kusukumwa, ilikuwa inakwambia koili kuu ni nzima na tatizo liko njia ya kuanzia: kapasita, platini za swichi (vile vibati vinavyogusana kupitisha umeme), au koili yenyewe. Siku ile huenda ungetoka na kapasita mpya tu, basi.

Sasa fanya hivi. Chomoa plagi kabisa. Kapasita inabaki na umeme hata baada ya kuchomoa, kwa hiyo unganisha ncha zake mbili kupitia balbu ya zamani ya wati 60 kwanza, usiguse kwa vidole. Iangalie kama imevimba kitako. Toa mikanda, zungusha shafti kwa mkono usikilize beringi. Halafu fungua kisanduku cha nyaya: U1 na U2 ndiyo koili kuu, Z1 na Z2 ya kuanzia. Pima omu kwa testa, na pima kila koili na bodi, yaani chuma cha nje cha mota. Ya kuanzia huwa inasoma juu kuliko kuu. Ikigusa bodi, au isiposoma kabisa, rudi hapa.

Na uniambie waya unaoleta umeme karakana ni wa ngapi, na umetoka umbali gani.

Seremala wa Mikindani

Shikamoo mzee. Nimefungua leo asubuhi kabla jua halijawa kali. Kapasita imevimba kama kitumbua, na chini imetoa mafuta. U1 na U2 omu 1.6. Z1 na Z2 testa haisomi kitu. Hakuna inayogusa bodi. Kwenye ile swichi ya ndani platini zimegandana, nimezibandua kwa bisibisi, na katikati palikuwa na unga wa mbao uliochanganyika na utomvu, mgumu kama gundi.

Na aibu nyingine: nilikuwa nimeijengea mota kasha la mbao ili vumbi lisiingie. Feni yake ya nyuma ilikuwa inavuta hewa ileile ya moto.

Waya ni wa milimita 1.5 za mraba, umetoka nyumbani kwenye mita, kama mita 45 hivi. Alinifungia mtu wakati nina randa ya mkono tu.

Koili Kavu, Lindi

Marahaba. Basi muuaji tumempata, na ana wenzake.

Mota ya ampea 14 wakati wa kuanza inavuta mara tano hivi ya hapo. Kwenye waya wa 1.5 wa mita 45, umeme ukifika mezani kwako sekunde ile ya kuanza unaweza kuwa umebaki volti 160 na kitu. Nguvu ya mota inashuka kwa mraba wa volti, kwa hiyo hapo unabaki kama na nusu. Inachelewa kushika kasi, swichi ya ndani inachelewa kuachia, na koili ya kuanzia iliyotengenezwa kubeba umeme kwa sekunde chache inakaa humo inachemka. Platini zikaungana, kapasita ikavimba, mwisho moshi. Kasha lako likamalizia.

Suka. Koili kuu ni nzima, ila mwambie akusukie zote mbili, maana vanishi ya zamani imeshapikwa na moshi ule. Abadilishe na beringi, kapasita mpya ya maikrofaradi zilezile zilizoandikwa kwenye ya zamani, na platini asizipige msasa tu. Hela inayobaki nunua waya wa milimita 6 za mraba kutoka kwenye mita, mota iwe na swichi yake yenye ulinzi wa joto. Kasha lichemshie chai.

Na ukishawishika kununua mpya, soma mizunguko kwanza. Nyingi za madukani ni 2800 na ushee. Kwa puli zako hizo bledi itazunguka zaidi ya 5600. Angalia uso wa bledi yako, kikomo chake kimeandikwa hapo.

Mchuma Korosho

Mzee naomba niulize, na waya wangu je? Ni ule wa kurefushia, wa kukunja kwenye kigurudumu.

Koili Kavu, Lindi

Kijana.

Seremala wa Mikindani

Mrejesho, wakuu. Imesukwa laki na themanini pamoja na beringi na kapasita, imekaa siku nne. Waya wa 6 umenikata kuliko mota yenyewe, lakini nimeuvuta. Leo nimeifunga bila bledi kama nilivyozoea, nikawasha. Imeitika mara moja, wala taa za nyumbani hazikupepesa kama zamani. Ila nimeona shafti inazunguka kinyume! Ningekuwa nimeshafunga bledi, nati ingejifungua yenyewe. Mzee, nifanyeje?

Koili Kavu, Lindi

Geuza Z1 na Z2 tu, U usiziguse. Chomoa plagi kwanza.

Seremala wa Mikindani

Imegeuka. Mlango wa kwanza uko mezani.