Mnapandisha watu kwenye volkano hai bila kuwaambia hatari yake, halafu mnasema "mlima umetulia"!

Wakuu, nina hasira na leo sitaimeza.

Nimewauliza watu wanaouza safari za kupanda mlima wa volkano swali moja: leo mlima uko ngazi gani ya tahadhari, yaani ile namba ya hatari wanayoitangaza wataalamu wa volkano? Jibu: "Usijali, umetulia, tunapandisha watu kila siku." Nikauliza kama kuna kofia ngumu na barakoa, na kama mlima ukilipuka tukiwa juu tunakimbilia wapi. Nikatumiwa picha za kileleni na maelekezo ya kulipia. Ndiyo majibu yenyewe hayo.

Sasa ngoja niwaambie hao wa "kila siku". Tarehe 27 Septemba 2014 mlima Ontake wa Japani ulikuwa na watu wa kila siku. Ilikuwa Jumamosi, anga safi, saa sita kasoro mchana, wengine wamekaa kileleni wanakula. Ngazi ya tahadhari ilikuwa 1, ya chini kabisa, na maelezo yake rasmi enzi hizo yalisema hali ni ya "kawaida". Mlima ukalipuka. Watu 63 walikufa, watano kati yao miili haijapatikana. Wengi waliuawa na mawe yaliyorushwa kutoka kwenye kasoko, yaani mdomo wa volkano. Na mitetemeko midogo ilikuwa imeongezeka zaidi ya wiki mbili kabla, lakini ngazi haikupandishwa. Baada ya hapo Wajapani waliliondoa lile neno "kawaida" kwenye ngazi ya 1, wakaandika kwamba mtu akumbuke yuko kwenye volkano hai. Yaani imebidi watu 63 wafe ndipo sentensi moja irekebishwe, na bado kuna wauza safari wanatuambia "umetulia".

Najua kuna mtu atakuja kusema Ontake ilikuwa bahati mbaya, hakukuwa na onyo. Haya, twende Whakaari, kile kisiwa cha New Zealand wanachokiita pia White Island. Pale onyo lilikuwepo! Tarehe 18 Novemba 2019 wataalamu wa GNS Science, taasisi iliyokuwa ikifuatilia volkano za nchi hiyo, waliipandisha ngazi hadi 2. Kwenye mfumo wao wa 0 hadi 5, hiyo 2 ndiyo ya juu kabisa kabla ya mlipuko, maana ikifika 3 mlima tayari unalipuka. Wiki tatu zikapita, boti zinaleta watalii kama kawaida. Tarehe 9 Desemba mchana, watu 47 wakiwa kisiwani, wengine walikuwa wametoka ukingoni mwa kasoko dakika chache tu, kikalipuka. Wakafa 22. Walionusurika wengi waliungua vibaya mno. Kofia ngumu walikuwa nazo, barakoa za gesi walikuwa nazo. Kofia inakukinga na jiwe dogo, haikukingi na wimbi la mvuke, tindikali na majivu ya moto.

Kinachoniuma zaidi ni kilichofuata mahakamani. Baadhi ya waendesha safari walikiri makosa. Kampuni ya wamiliki wa kisiwa ilitiwa hatiani 2023, halafu 2025 Mahakama Kuu ikaifuta hukumu, kwa hoja kwamba yenyewe ilikuwa inatoa ruhusa ya kuingia tu, haiendeshi shughuli za pale. Sheria ni sheria, sibishani na jaji. Lakini mnaona mtego ulipo? Anayepokea ada ya kuingia si yeye anayekutembeza, na anayekutembeza anasema mtaalamu hakumwambia afunge. Mtaalamu naye kazi yake ni kutangaza ngazi, hana mamlaka ya kufunga. Ukiuliza nani aliyetakiwa kusema "leo hatupandi", kila mmoja anamwonyesha mwenzake kidole.

Na hili la "mlima utatupa ishara" naomba life leo. Milipuko ya Ontake na Whakaari ilikuwa ya mvuke. Maji yaliyojificha ndani ya miamba yanapashwa na joto la chini, yanafungiwa kwa shinikizo, kisha kifuniko kinaachia. Maji yakigeuka mvuke ujazo wake unaongezeka karibu mara 1,700. Magma, ule mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi, haihitaji kupanda ndiyo jambo hilo litokee, kwa hiyo zile dalili ambazo vifaa huzitegemea zinaweza kuwa hafifu au kuchelewa. Pale Ontake mtetemo wa mfululizo ulianza kama dakika 11 kabla. Dakika 11! Kiongozi wako wa msafara ana redio? Kuna mtu kituoni wa kumpigia? Na akipigiwa, dakika 11 utakuwa umefika wapi kutoka kileleni?

Marapi ya Sumatra (si Merapi ya Java, watu huzichanganya) ndiyo ilinimaliza kabisa. Mlima ulikuwa ngazi ya 2 kati ya 4 kwa miaka, na wataalamu wa volkano wa Indonesia walishauri mtu asisogee ndani ya kilomita 3 kutoka kwenye kasoko. Wakati huohuo vibali vya kupanda vinatolewa. Tarehe 3 Desemba 2023 ukalipuka, wapandaji 24 wakafa. Huku wanakuambia usisogee, huku wanakukatia tiketi!

Wageni nao wanaoruka kamba kwa ajili ya selfi, sijawasahau. Machi 2017 kule Etna, volkano ya Italia, watu walisogelea lava iliyokuwa inatambaa polepole, wakaona haina neno. Ikakutana na theluji, mvuke ukalipuka, watu kama kumi wakaumia. Lakini mgeni ataogopaje kitu ambacho hajaambiwa? Wangapi wanajua kwamba kuzunguka volkano gesi ya kaboni dioksidi hukaa mabondeni, haionekani wala hainuki? Watu wa Goma wanaifahamu, wanaiita mazuku, na imeua watu. Halafu kuna anayewatafutia wageni sehemu ya hema "iliyojikinga na upepo", kwenye shimo!

Ninachodai si kufunga milima. Nataka ngazi ya siku hiyo iandikwe na mteja aione kabla hajalipa, pamoja na maelezo ya ngazi hiyo, si namba tupu. Na ngazi ikipanda, hela irudi yote bila mizengwe. Hili la hela ndilo kubwa kuliko yote, kwa sababu mtu aliyeambiwa hela hairudi atapanda tu hata roho inamkataza, na kiongozi anayelipwa kwa safari hatasema tusipande.

Badala yake tunapewa fomu ya kusaini kwamba tukifa tusimlaumu mtu, dakika tano kabla ya kuanza kupanda, mizigo iko mgongoni.

Mnaoendesha hizi safari mko humu, mnasoma. Jibuni hapa hapa: mara ya mwisho kuahirisha safari kwa sababu ngazi imepanda ilikuwa lini, na wateja mliwarudishia hela?