Uyoga umejaa ghala, pombe sifuri, vibete wanapigana

BarabaraYaKumi_Tanga:
Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa Dwarf Fortress, mchezo wa kompyuta wa kuongoza ngome ya vibete, toleo la Steam (duka la michezo mtandaoni). Ngome ina vibete 60, mwaka wa tatu. Mashamba mawili ya 5 kwa 5 chini ya ardhi, plump helmet (uyoga wa mchezo huu) zimejaa, kiwanda cha pombe kina mtu, ila pombe ni 0 na wote wanakunywa maji. Kazi ya kutengeneza pombe inafutwa kila mara. Wawili wamevunja viti, mmoja kampiga mwenzake hadi kufa ukumbini. Niongeze shamba la tatu?

MgemaWaPangani:
Shamba usiguse. Kiwanda hakikosi uyoga, kinakosa chombo. Kila kazi ya pombe inadai pipa tupu au chungu kikubwa kitupu, kisipokuwepo inafutwa. Fungua ghala la chakula, bofya pipa mojamoja uone lina nini. Nadhani ni mbegu. Vibete hutia mbegu kwenye mifuko, mifuko kwenye mapipa, na pipa lenye mfuko mmoja tu tayari limeshikwa. Tenga ghala la mbegu peke yake jirani na shamba, idadi ya mapipa iwe 0. Kisha kwenye ghala la chakula zima mbegu, la sivyo zitarudi hukohuko.

Hesabu: kibete hunywa kama mara nne kwa msimu. Kwa 60 ni 240, yaani karibu 960 kwa mwaka wa misimu minne. Uyoga mmoja hutoa pombe 5, kwa hiyo uyoga kama 192 unatosha mwaka mzima, na mashamba yako yanavuka hapo. Shida iko kwenye mafungu, yaani uyoga uliovunwa pamoja kama kitu kimoja. Kazi moja hugeuza fungu zima kuwa pombe na kuitia chombo kimoja: fungu la 5 ni pombe 25 ndani ya pipa, uyoga mmoja ni pombe 5 ndani ya pipa lenye ukubwa uleule. Mkulima asiye na ujuzi huvuna mafungu madogo. Wape upandaji watu watatu tu. Akipanda kila mtu, hakuna atakayekuwa fundi.

FundiMawe_Chumbageni:
Naongezea hapo kwa Mgema. Usikate miti kwa ajili ya mapipa. Jiwe moja linatoa chungu kimoja, na mawe unayo mpaka ya kutupa. Agiza 30. Ubaya wake ni uzito, kwa hiyo kiwanda, ghala la uyoga na ghala la pombe viwe vimepakana, wabebaji wasipandishe ngazi na chungu cha jiwe.

Halafu mteue meneja, mpe ofisi, weka oda: tengeneza pombe ikishuka chini ya 200. Jikoni kataza kupika plump helmet na pombe yenyewe. Uyoga ukipikwa mbegu inapotea. Ukiliwa mbichi au ukigeuzwa pombe mbegu inabaki.

MgemaWaPangani:
Kwenye uzito sikubaliani sana, chungu kitupu kinabebeka. Kikijaa ndiyo kazi.

DadaRaskazone:
Mnaongelea pombe tu, na maiti je? Huyo aliyeuawa yuko wapi? Akiozea ukumbini mvuke wa zambarau utasambaa, kila anayepita anachukia, na asipozikwa atarudi mzuka. Jeneza peke yake halitoshi kwenye toleo hili: liweke, kisha chora eneo la kaburi juu yake. Kama mwili haupatikani, chonga bamba la jiwe, liandikwe kumbukumbu ya jina lake, ulisimamishe popote.

Na hasira haziishi siku pombe inaporudi. Waliovurugika fungua kurasa zao usome mawazo, utakuta kilichowaudhi kimeandikwa: mvua, maiti, kulala sakafuni. Vyumba vya kulala kwanza, mapambo baadaye. Maji nayo usiyafunge, kaka; majeruhi hospitalini hupewa maji, si pombe.

BarabaraYaKumi_Tanga:
Nimefungua mapipa. Yako 38, na 31 yana mbegu. Mengine yana samaki. Maiti iko chini ya meza, nilidhani kashazikwa kwa kuwa jeneza lipo. Swali moja: samaki nao niwazuie mapipa?

MgemaWaPangani:
Samaki waache, mkuu. Wao hujaa pipa kweli.